Siku Tuliyoacha Kusomea Gari

Mariamu, karani mpya wa ghala letu, alinikuta stendi ya Sumbawanga nikisubiri gari la Laela. Akanisalimia shikamoo, nikaitika, kisha akanipa habari huku anacheka: tajiri mwenye ghala anawaletea wafanyakazi semina ya kusoma haraka.

"Wanasema semina ya kwanza uliongoza wewe, Mzee Kasto. Cheti chako bado kiko ukutani, juu ya kabati la mafaili. Hivi kweli inaongeza kazi?"

Nikamwambia nitamjibu. Gari likaja, nikapanda, nikaondoka sijamjibu. Basi jibu lake ni hili, na ni lenu wote mnaofanya kazi pale. Ni refu. Naomba msiliruke.

Mnanijua. Shule yangu ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililiacha katikati. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mtu aliyeniandikia barua ya kunitambulisha. Nimewaona vijana wa sekondari wakija na kalamu mbili mbili mfukoni, wakaondoka, mimi nikabaki mpaka nikashika funguo zote za ghala. Habari za vyeo na mishahara siziandiki, hazimfundishi mtu kitu. Naandika kazi.

Nilianza kama kuli. Ilikuwa miaka ile serikali ilipoachia biashara ya nafaka. Kabla ya hapo mahindi ya Ufipa yalipita kwenye ushirika. Sasa kila mwenye lori na turubai alikuwa mnunuzi. Tajiri wetu alichukua ghala la zamani lililokaa tupu, akapaka milango rangi ya kijani, akatangaza anahitaji watu wenye migongo. Mgongo nilikuwa nao. Siku ya kwanza nilibeba rumbesa, yale magunia yanayoshindiliwa mpaka yanaota kichwa, tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuketi. Makuli wawili wa zamani wa ushirika waliacha kazi wakakaa kunitazama. Mmoja akasema, "Huyu kesho haji." Kesho yake nilikuwa wa kwanza getini. Yeye ndiye ambaye hakuja.

Ndani ya ghala lile tajiri alimkuta Mzee Desideri, kama alivyoikuta mizani. Alikuwa karani wa ushirika, na ushirika ulipoondoka yeye hakuondoka. Mtu mfupi, Mfipa wa vijiji vya juu, mfuko mmoja wa shati una kalamu na rozari pamoja. Aliposoma aliweka kidole chini ya mstari na midomo yake ikitembea. Tulimcheka sana. Lakini huyo niliyekuwa namcheka ndiye aliyenifundisha kusoma. Darasa la nne langu lilikuwa la kubahatisha: naona herufi mbili za mwanzo, nakisia zilizobaki. Aligundua siku nilipopeleka ulezi kwenye chumba cha maharage.

"Kasto, umesoma au umeota?" akaniuliza.

Kuanzia siku hiyo, kila muda wa chai, alinikalisha juu ya chaga, zile fremu za mbao tunazopangia magunia ili yasiguse sakafu, akanisomesha maandishi ya kwenye magunia, halafu barua, halafu gazeti lililofungiwa sukari. Alinifundisha pia bambo, chuma kile chenye ncha na mfereji: unachoma gunia, unachomoa punje za katikati, unatia jino. Punje kavu inalia. Punje mbichi inanyamaza. Nilishika upesi. Mwaka wa pili nilikuwa najua bambo kuliko yeye, naye alikiri mbele ya watu.

Kazi ya ghala lile ilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Hakuna gunia lililoshuka kabla gari halijasomewa. Kila lori lilikuja na barua ya wakala wetu wa huko mahindi yalikonunuliwa. Mzee Desideri alisimama nyuma ya lori, makuli wote kimya, dereva kimya, wakulima waliokuja na mzigo wao wamemzunguka, naye akaisoma barua yote kwa sauti, neno kwa neno, na pale alipoona sura za watu zimekunjamana aliirudia kwa Kifipa. Tuliita kusomea gari. Ilichukua muda. Barua za mawakala hazikuwa fomu. Zilikuwa barua hasa: salamu, hali za watoto, msiba wa jirani, mvua, halafu humo humo katikati neno la mzigo, halafu salamu tena hadi mwisho wa karatasi.

Nakumbuka siku ya Masanja, Msukuma mmoja aliyehamia huku na ng'ombe zake na akawa analima kuliko sisi wenyeji. Mzee alisoma: "...na magunia thelathini na manne ya Bwana Masanja, mahindi meupe..."

"Simama hapo hapo, mzee," Masanja akasema. "Kumi ni ya shemeji yangu. Ukiyaandika yangu, dada yangu atahamia kwangu na watoto wote saba."

Watu wakacheka, makuli wakashika mbavu. Mzee hakucheka. Akachukua kalamu, akarekebisha, akaendelea pale kidole kilipoishia. Kosa lile lingetoka pale ghalani likafika nyumbani kwa watu. Lilisahihishwa kwa sababu mwenyewe alisikia.

Tajiri lakini alikuwa haoni hivyo. Aliona malori matatu yamesimama nje na mzee mmoja anasoma habari za mafua ya mtoto wa wakala. Wanunuzi wengine walikuwa wanatupita. Miaka ile kila ofisi ilikuwa na semina, na tajiri naye akaleta ya kwake. Mwalimu alitoka Dar es Salaam na saa ya kubonyeza, ile ya wakimbiaji. Siku mbili, chai na maandazi, ndani ya ofisi ya tajiri. Tulikuwa sita.

Mwalimu alisema macho ya binadamu ni kama farasi aliyefungwa. Midomo isitembee. Kidole marufuku. Usirudi nyuma. Shika mstari wa juu, shika wa mwisho, shika tarakimu. "Katikati," alisema, "ni mapambo."

Mzee Desideri akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Na yule anayesubiri nje asikie, yeye atasikia nini?"

"Mzee wangu, ofisini hatusomi kwa ajili ya watu wa nje."

"Sisi tunasoma kwa ajili yao."

Mwalimu akatabasamu, akabonyeza saa yake. Tukapewa karatasi. Mzee alipofika mstari wa tano mimi nilikuwa nimemaliza ukurasa na nimekunja mikono. Mwalimu akaniuliza habari iliyomo, nikamwambia ya juu na ya chini na tarakimu zote, akapiga makofi. Sikumwambia kwamba nimerudia tu ujanja wangu wa zamani wa kuona kidogo na kukisia kilichobaki, ule Mzee Desideri aliouhangaikia miaka miwili kunitoa. Nikawa wa kwanza. Makuli wakanipa jina la Ekspresi, nami nikalipenda. Mzee alikuwa wa mwisho. Mwalimu alimwandikia tajiri kwamba huyu hafundishiki.

Wiki ile ile tajiri akanipa mimi ukarani, na kusomea gari kukakoma. Barua zikawa zinakuja ofisini kwangu, dirishani, nazipitia, naweka saini, napiga filimbi: shusheni! Mzee Desideri akahamishiwa ndani ghalani kupanga malundo. Hakulalamika. Aliniletea funguo za kabati, akanionyesha ipi ni ya wapi, akasema, "Barua za Laela uzisome vizuri. Eliasi anaandika kama anavyoongea." Eliasi alikuwa wakala wetu wa Laela.

Sasa Mariamu, ukiuliza kama kazi iliongezeka, kwa macho iliongezeka. Lori lililokuwa linasubiri hadi alasiri lilikuwa linaondoka kabla ya chakula cha mchana. Tajiri alipita akisugua mikono. Nami nilitembea kifua mbele mpaka msikitini na kanisani wananijua. Makosa madogo yalikuwepo: mzigo wa huyu umeandikwa wa yule, mkulima anarudi kesho kutoka kijijini kulalamika, unamrekebishia, nusu siku imekwenda. Nusu siku hizo hakuna aliyezipima kwa saa ya kubonyeza.

Ndipo likaja lori la Laela. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, wingu limekaa juu ya mji, na nje kulikuwa na malori mengine mawili yanapiga honi. Dereva akanipa barua ya Eliasi, kurasa mbili za daftari, zimejaa mpaka pembeni. Juu: salamu kwangu na kwa tajiri. Chini: salamu kwa Mzee Desideri, amwombee. Tarakimu: magunia mia na ishirini. Nikasaini. Nikapiga filimbi.

Baada ya kitambo Mzee akaja dirishani, vumbi la magunia limempaka nyusi.

"Kasto, barua inasemaje?"

"Inasalimia, Mzee. Wewe hasa."

"Hakuna lingine? Kuna magunia yamefungwa vitambaa vyekundu mdomoni. Kama thelathini hivi."

"Alama ya mkulima hiyo. Wengine wanafunga majani, wengine vitambaa."

"Wa Laela hawafungi vitambaa. Isome tena."

Nilikuwa na watu dirishani. Dereva wa lori la pili alikuwa anatazama. Nikasema kwa sauti, ili asikie na yeye: "Mzee, mimi kazi hii nina cheti chake. Panga magunia."

Akafuta vumbi kwenye nyusi. Kisha akasema, "Basi nipe bambo nichome mawili matatu."

Bambo lilikuwa limefungiwa kabatini kwangu, na funguo zilikuwa kiunoni. "Tutachoma kesho. Mvua hiyo inakuja."

Akarudi ndani, akapanga. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake. Kesho yake kulikuwa na malori manne na sikukumbuka habari ya bambo.

Wiki chache baadaye ghala likaanza kunuka. Kwanza tulidhani panya. Nikaingiza mkono kati ya magunia ya lundo la Laela, nikautoa upesi, kulikuwa na joto kama tumbo la mgonjwa. Tulipolivunja, magunia ya vitambaa vyekundu yalikuwa katikati, yamevunda, na yameambukiza majirani zao juu na chini, ukungu wa kijani na punje zimeshikana kama matofali. Lundo zima lilikwenda shimoni. Yalikuwa mahindi ya watu waliopanda, wakapalilia, wakayabeba kichwani hadi barabarani, nasi tukayazika.

Tajiri alikuwa Mbeya, anarudi kesho. Mchana ule makuli walipokwenda kula, nilifungua faili, nikaitoa barua ya Eliasi. Nikaweka kidole. Katika ukurasa wa pili, baada ya habari ya harusi ya mdogo wake na kabla ya habari ya nguruwe wa padri, aliandika kwamba lori lilikwama mtoni likikusanya mzigo vijijini, turubai lilikuwa limechanika, mvua ikaingia upande wa nyuma. Magunia yaliyonyeshewa ameyafunga vitambaa vyekundu, tafadhali sana tuyaanike kwanza, tusiyachanganye.

Nilisoma mara tatu. Halafu nikaenda jikoni, mahali mama wa chai alipokuwa anachemshia maji, na yeye hayupo. Nikaiweka barua motoni, nikasimama pale mpaka ikaisha.

Haya ndiyo ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Tajiri alipofika alituita wawili, mimi na Mzee. Akauliza nani aliyapokea ndani. Daftari la malundo lilikuwa na saini ya Mzee.

"Ni mimi, tajiri," Mzee akasema. "Niliona vitambaa. Nikaenda kumuuliza Kasto barua inasemaje."

Tajiri akanigeukia. "Alikuuliza?"

"Sikumbuki, tajiri. Siku ile magari yalikuwa mengi."

"Na barua ilisema nini?"

"Salamu tu. Hata kwenye faili haikuingia."

Mzee Desideri alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi wakali maishani mwangu, polisi, wadai, mama mkwe, sijaona jicho kama lile, na halikuwa kali. Alikuwa ananitazama kama mtu anayerudia mstari ili ahakikishe ameuelewa. Kisha akasema, "Sawa," akatoka.

Eliasi angeweza kusema ukweli, lakini mwezi ule alishaacha kazi yetu akahamia Tunduma kufanya biashara yake mwenyewe, na hakuna aliyefunga safari kumuuliza. Barua ya kumwachisha Mzee kazi iliandikwa siku ya tatu. Tajiri akanipa mimi nikampe.

Nilimkuta kwenye mlango mkubwa, makuli wamekaa wanapumzika. Nikamnong'oneza, "Mzee, utaisoma nyumbani." Akafungua bahasha pale pale. Akasimama wima, akaisoma kwa sauti, yote, kuanzia anwani. Alipofika kwenye maneno "uzembe uliokithiri" alirudia kwa Kifipa, kwa wale waliokuwa hawajaelewa. Akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na rozari. Kuli mmoja akaanza kusema, "Lakini Mzee, si ulikwenda kumuuliza..." Mzee akamwekea mkono begani, akapita.

Mimi nikabaki na kazi. Nikawa mtu mkubwa. Na sikilizeni jambo hili, maana wengi wenu mnadhani lilitoka kichwani kwangu: msimu uliofuata nilirudisha kusomea gari. Nilimwambia tajiri ni mpango wangu mpya wa kupunguza makosa. Malori yakasubiri kidogo, lakini wakulima waliokuwa wanarudi na malalamiko wakaacha kurudi, na mwisho wa msimu tulikuwa tumepokea mzigo kuliko mwaka wa filimbi. Tajiri akanisifu kwa ubunifu mbele ya wageni. Nikainamisha kichwa, watu wakasema Kasto ni mnyenyekevu.

Kwa hiyo, Mariamu, kusoma haraka kunafaa mahali pake. Gazeti, soma haraka. Tangazo la mnada, soma haraka. Karatasi iliyoandikwa na mtu kuhusu jasho la mtu mwingine, isome mpaka mwenye jasho asikie. Semina hiyo ikija nendeni, mle maandazi, na mkitoka mrudi nyuma ya lori msome. Mkiambiwa katikati ni mapambo, waambieni mnamjua mtu aliyeamini.

Baada ya kuachana nawe stendi sikulala vizuri safari nzima ya Laela. Niliporudi, Jumapili baada ya misa, nilikwenda Milanzi, anakokaa Mzee Desideri. Miaka yote hiyo nilikuwa napita njia nyingine. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anapukuchua mahindi ya mbegu, amekuwa mwembamba lakini mikono ni ile ile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Kasto."

"Kasto wa ghala." Akaendelea kupukuchua. "Kaa."

Sikukaa. Nilikuwa nimejipanga njiani, maneno mazuri, nayajua maneno mimi. Yote yakatoweka. Nikasema: barua ya Eliasi ilisema magunia yamelowa, mimi sikuisoma, ulikuja kuniuliza nikakujibu vibaya, halafu niliisoma nikaichoma, na kwa tajiri nilidanganya.

Akaweka gunzi chini. "Paskalia!" akaita.

Binti yake akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa ulezi. Mtu mzima sasa, ana watoto wake.

"Rudia," Mzee akaniambia.

Nikarudia. Mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Paskalia alikuwa ananitazama usoni. Jirani aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama kwenye ua. Mzee akamwona. "Karibu, sogea," akamwambia. Kisha kwangu: "Rudia, na huyu asikie."

Nikarudia mara ya tatu.

Paskalia akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Shuleni waliniita mtoto wa mahindi mabovu," akasema. "Hilo limepita. Lakini mama alikuwa anamuuliza baba kila msimu wa mavuno. Desideri, niambie tu ukweli, ulisinzia? Baba anasema sikusinzia. Mama anasema sawa. Mwaka unaofuata anauliza tena. Amekufa anauliza."

Nikasema pole. Neno lenyewe niliona limekuwa dogo mdomoni.

"Usinipe mimi pole," akasema. "Yuko kule mwisho wa shamba, penye msalaba mweupe. Nenda kamwambie."

Nikamtazama Mzee, nikitumaini atasema basi inatosha, huyu ni mgeni, mpe maji. Aliinuka akaegemea mwimo wa mlango.

Nikapita kati ya mabua makavu mpaka kwenye msalaba. Nikavua kofia. Nikaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali.

"Hatusikii huku!" Mzee akaita kutoka mlangoni.

Nikaanza tena kwa sauti kubwa, tangu mwanzo, bila kuruka neno.